Mzee wa Getini: Jinsi ya Kumtunza Mbwa Aliyezeeka



Katika kurasa hizi tumezoea kuongea juu ya maji safi, masomo na chanjo za watoto. Mwezi huu tunaleta habari ambayo labda itawachekesha wengine: habari ya mbwa mzee. Tunajua kuna mzazi atakayesema, "Walimu, watoto hawajashiba, na nyinyi mnatuandikia mambo ya mbwa?" Mzazi, una haki ya kuuliza. Lakini tunakuomba usome mpaka mwisho, kwa sababu habari hii ilianza na mtoto aliyeng'atwa mkono. Kama watu wazima wa pale nyumbani wangejua mapema yale waliyokuja kujua baadaye, yule mtoto asingeng'atwa.

ILIVYOTOKEA KIGALI

Mmoja wetu sisi walimu wawili ana baba mkubwa anayeishi Kigali, upande wa Kimironko. Ni mkimbizi kama sisi. Alitoka Masisi mwaka 1996, akapitia kambi ya Mudende, halafu Gihembe kule Byumba. Gihembe wengi mnaikumbuka, maana ilifunguliwa mwaka 1997 ikafungwa mwaka 2021, na wengi wa watu wake wakaletwa huku Mahama. Baba mkubwa wakati huo alikuwa ameshahamia mjini siku nyingi. Analinda geti usiku kwa watu, na anakaa na mama mkubwa na wajukuu kwenye vyumba vya nyuma, ndani ya ua huohuo.

Katika ua huo kuna mbwa wa kienyeji mwenye rangi ya udongo. Jina lake Bobi. Baba mkubwa alimkuta akiwa mtoto mdogo wa kubebwa mkononi, na sasa wamelinda pamoja zaidi ya miaka 11. Mtu akipita usiku karibu na ukuta, Bobi ndiye alikuwa wa kwanza kujua.

Siku moja mchana mjukuu wa miaka 6 alimkuta Bobi amelala chini ya mparachichi. Akamrukia mgongoni kwa furaha, kama alivyozoea tangu anaanza kutembea. Bobi alishtuka, akageuka na kumng'ata mkono.

Mama mkubwa hakupoteza muda. Alimpeleka mtoto bombani, akaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu, mtoto analia na yeye anaendelea kuosha. Halafu moja kwa moja kituo cha afya. Sindano zikaanza siku ileile.

Aliporudi, alikuta majirani wamejaa getini. Wengine walikuwa na fimbo. "Huyu mbwa ameharibika. Auawe leo leo!" Mwenye nyumba alipigiwa simu, akamwambia baba mkubwa, "Wewe ndiye unamjua. Fanya utakavyoona."

Baba mkubwa aliingia ndani, akatoa kadi ya chanjo ya Bobi, akampigia daktari wa mifugo wa umurenge, yule ambaye wenyeji wanamwita veterineri. Daktari akasema mbwa asiuawe. Afungwe mahali pa kivuli, apewe chakula na maji, watoto wasimkaribie, na aangaliwe siku 10. Kwa nini siku 10? Kwa sababu mbwa ambaye mate yake yana kichaa siku anapong'ata, ndani ya siku hizo ataonyesha ugonjwa au atakufa. Akibaki mzima, basi siku ile hakuwa na kichaa cha kumwambukiza mtu. Ukimuua haraka na kumtupa, hutajua kitu.

Sisi tulifika siku ya nne. Ilikuwa likizo, tulikuwa tumepata ruhusa ya kutoka kambini. Tulimkuta mtoto amefungwa bandeji, na Bobi amefungwa kamba, na baba mkubwa amekaa kwenye kiti katikati yao kama hakimu.

"BABA, HUYU MBWA HASIKII"

Siku ya 11 daktari alikuja mwenyewe. Bobi alikuwa mzima. Daktari akasimama nyuma yake akapiga makofi kwa nguvu. Bobi hakugeuza hata sikio. Akapiga tena. Wapi!

"Baba, huyu mbwa hasikii," daktari akasema. "Tangu lini?"

Tulitazamana. Hakuna aliyejua. Kumbe baba mkubwa alikuwa anamlaumu Bobi miezi mingi kwamba amekuwa mvivu, hatoki tena mtu akigonga geti. Hakuwa mvivu. Alikuwa hasikii.

Daktari akamshika mdomo kwa taratibu, akafunua midomo. Meno ya nyuma yalikuwa yamefunikwa na ugaga wa rangi ya kahawia, fizi zimevimba, na meno mawili yameoza. Akabonyeza nyonga. Bobi akanung'unika. Daktari akatuambia, "Mbwa huyu si mkali. Amezeeka, hasikii, na anaumwa. Mtu amemrukia usingizini juu ya nyonga inayouma. Hata nyinyi mngerusha mkono."

Hapo ndipo tulipoona kwamba habari hii inafaa kuwafikia wasomaji wetu. Jamaa zetu wengi wanalinda mageti mjini Kigali, na kwenye mageti mengi kuna mbwa. Mbwa hao wanazeeka kimya kimya, na watoto wetu wanacheza karibu nao.

WENYEJI WANA SABABU YA KUOGOPA

Kabla ya kuendelea, tuseme neno moja juu ya Kigali. Ukifuga mbwa mjini pale, utaona majirani wengine hawataki hata kumwona. Usiwacheke. Mwaka 1994, wakati wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilibaki nje bila kuzikwa, na mbwa waliobaki bila wenyewe wakazila. Askari waliwapiga risasi mbwa wengi sana. Mtu aliyeona mambo yale hawezi kumwangalia mbwa kama wewe unavyomwangalia.

Pia tuna ndugu zetu Waislamu, kwa mfano kule Nyamirambo na Biryogo. Wengi wao wanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alicholamba wanakiosha mara 7, mara moja kwa udongo. Lakini dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kulinda na wa kuwinda, na inamsifu mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo mbwa wako umfunge au umweke ndani ya ua, umchanje, na asiingie kwa jirani. Mbwa anayezurura Kigali hana maisha marefu, na mbwa mzee asiyesikia gari wala pikipiki ndiye wa kwanza kugongwa.

MBWA ANAZEEKA LINI?

Watu husema mwaka mmoja wa mbwa ni miaka 7 ya mtu. Hesabu hiyo si sawasawa. Mbwa anakua haraka sana mwanzoni, yaani akimaliza mwaka mmoja anaweza hata kuzaa, halafu baadaye anaenda polepole. Mbwa wakubwa sana wanazeeka mapema, hata kwenye miaka 6 au 7. Wadogo wanachelewa. Mbwa wetu wa kienyeji wa umbo la kati, akifika miaka 8 au 9, anza kumwita mzee na kumwangalia kama mzee.

Angalia dalili hizi:

- Mvi kwenye mdomo na kuzunguka macho.
- Macho kuwa na ukungu. Ukungu mwepesi wa buluu ni wa uzee na mara nyingi bado anaona. Weupe mzito unaweza kuwa mtoto wa jicho, na huyo anagonga vitu.
- Kuamka kwa shida asubuhi, hasa kukiwa na baridi au mvua. Hiyo ni baridi yabisi ya viungo.
- Mdomo kunuka vibaya, kuangusha chakula, kutafuna upande mmoja.
- Kunywa maji mengi na kukojoa sana kuliko zamani. Inaweza kuwa figo au kisukari.
- Kukonda ingawa anakula, au tumbo kuvimba.
- Uvimbe chini ya ngozi unaokua.
- Kukohoa na kuchoka kwa mwendo mdogo tu.
- Kuzungukazunguka usiku, kusimama kwenye kona kama amepotea, kusahau watu. Ndiyo, hata mbwa akili yake inaweza kuchoka kwa uzee.

Tusikimbilie kusema "ni uzee tu." Uzee wenyewe si ugonjwa, lakini magonjwa mengi hujificha nyuma ya jina hilo. Jino lililooza linaweza kung'olewa. Maumivu ya nyonga yanaweza kupunguzwa. Bobi alilazwa usingizi kwa sindano, meno mawili yakatoka, na baada ya wiki moja alikuwa anamaliza chakula chake chote. Pesa ilitoka wapi? Mwenye nyumba alilipa nusu, na baba mkubwa akalipa nusu nyingine kidogo kidogo. Si rahisi, hatudanganyi. Ndiyo maana mambo mengi tunayoyaandika hapa chini ni yale yasiyotaka pesa.

MAHALI PA KULALA

Kigali iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku sementi inakuwa baridi. Kwa mbwa mwenye viungo vibovu, sementi ni adui. Bobi alikuwa analala kwenye sementi ya getini miaka yote.

Tulifanya hivi. Tulichukua mbao za zamani, tukazipanga zikainuka kidogo kutoka chini, kama upana wa kiganja. Juu tukaweka gunia lililojazwa majani makavu ya migomba, na juu yake blanketi kuukuu. Tukaweka upande usio na upepo, chini ya paa, kwa sababu mvua za Machi mpaka Mei na zile za mwisho wa mwaka zinanyesha zikipiga pembeni. Kila wiki mama mkubwa anatoa gunia, analianika juani, na majani yakilowa anabadilisha. Majani hayanunuliwi.

Kama sakafu inateleza, tandika gunia au mkeka wa zamani pale anapopita. Mbwa mzee akiteleza mara moja na kuanguka anaanza kuogopa kutembea. Na nyumba nyingi za Kigali ziko kwenye mteremko, zina ngazi. Usimweke mzee juu na maji yake chini. Weka maji pale alipo.

CHAKULA NA MAJI

Tuseme wazi: chakula cha mtoto kwanza. Hakuna anayetaka umnyime mtoto umpe mbwa. Tunaongea juu ya mabaki, na jinsi ya kuyapanga vizuri.

Mzee ale kidogo mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kuliko kupewa mlima mmoja usiku. Chakula kiwe laini. Ugali au wali uliolainishwa kwa maji ya moto, maharage yaliyoiva kabisa, yai, sambaza waliooshwa na kuchemshwa bila chumvi. Weka bakuli juu ya tofali moja ili asiinamishe sana shingo.

Usimpe hivi:

- Kitunguu na kitunguu saumu, hata vilivyopikwa ndani ya mchuzi. Vinaharibu damu yake.
- Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku. Inavunjika kama sindano na kutoboa utumbo.
- Chokoleti, zabibu na pombe.
- Mbegu ya parachichi. Kwenye ua wenye mparachichi mbwa huokota yaliyoanguka, na ile mbegu inaweza kumkaba au kuziba utumbo. Waambie watoto waokote mapema.

Maji yawepo mchana na usiku. Kuna watu wakiona mbwa mzee anakojoa sana wanamnyima maji. Hapana! Kama figo zake zimechoka, hayo maji ndiyo yanamshikilia. Ongeza kumtoa nje, usipunguze maji.

Kujua kama amekonda au amenenepa, pitisha mkono ubavuni. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kubonyeza sana. Kama unazihesabu kwa macho ukiwa mbali, amekonda. Kama huzisikii kabisa, amenenepa, na uzito ule unaumiza viungo.

Kutembea asiache. Matembezi mafupi asubuhi na jioni, polepole, yanasaidia viungo visikauke. Kwa sababu anatembea kidogo, kucha zake hazisagiki tena, zinakuwa ndefu na kumuumiza. Zikatwe ncha tu. Ukikata ndani damu inatoka.

DAWA ZA WATU SI ZA MBWA

Hapa tunaomba msikie vizuri, kwa sababu hata baba mkubwa alikosea. Alipoona Bobi anachechemea alimpa kidonge chake mwenyewe cha magoti. "Sisi wote ni wazee, ugonjwa ni mmoja," ndivyo alivyofikiri. Bobi alitapika siku mbili. Bahati haikuwa mbaya zaidi.

Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo. Parasetamoli inaweza kuharibu ini na damu yake. Aspirini usimpe kwa kukisia. Mbwa ana dawa zake za maumivu, na daktari wa mifugo anazipima kwa uzito wake.

Kinachoweza kufanywa nyumbani ni joto. Chovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, kamua, weka juu ya nyonga dakika chache, halafu mkande taratibu kwa kiganja. Akivuta mguu au akinung'unika, acha.

KUPE, VIROBOTO NA FUNZA

Mbwa mzee hajikuni vizuri wala hajisafishi kama zamani. Kwa hiyo mkague wewe: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Kupe mng'oe kwa kumshika karibu na ngozi na kuvuta taratibu. Funza nao wanaingia kwenye nyayo za mbwa kama wanavyoingia kwenye miguu ya watoto wetu, na ua wenye mbwa mwenye funza utakuwa na watoto wenye funza. Fagia, mwagia vumbi maji, anika matandiko.

Usimmwagie dawa ya kuogesha ng'ombe kwa kukisia. Ikizidi inaua, na mbwa anajilamba. Na ile tabia ya kumpaka mbwa mwenye upele oili chafu ya gari, tuiache kabisa. Inaunguza ngozi na ni sumu.

Minyoo pia. Mbwa apewe dawa ya minyoo kama daktari atakavyopanga, na kinyesi chake kizolewe na kufukiwa. Mayai ya minyoo ya mbwa yanaweza kuingia kwa mtoto anayechezea udongo.

CHANJO HAINA UZEE

Wengine wanasema mbwa akizeeka hana haja ya chanjo. Si kweli. Chanjo ya kichaa irudiwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, na kadi itunzwe kama unavyotunza karatasi zako za ukimbizi. Kadi ya Bobi ilimwokoa siku ile ya fimbo.

Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu karibu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 katika kila 10 ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote wamepata kwa mbwa. Lakini kinazuilika. Louis Pasteur alimchanja kijana aliyeng'atwa na mbwa huko Ufaransa mwezi Julai mwaka 1885, na yule kijana akapona. Tarehe aliyokufa Pasteur, 28 Septemba, ndiyo siku ya kichaa cha mbwa duniani. Ukisikia wanachanja mbwa siku hizo, mpeleke wako, hata kama anatembea kwa kusukumwa.

Mtu aking'atwa:

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15. Si dakika 2.
2. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama mbwa ana kadi.
3. Maliza sindano zote ulizopangiwa.
4. Usiweke majani, pilipili wala mafuta kwenye kidonda.
5. Kama mbwa anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10. Mwambie daktari wa mifugo na kiongozi wa mudugudu.

TUWAFUNDISHE WATOTO

Watoto wengi waliozaliwa kambini hawajakaa na mbwa. Ama wanamtupia mawe, ama wanamkumbatia kama mdoli. Yote mawili ni hatari. Baada ya ile ajali tuliwakalisha wale wajukuu chini ya mparachichi tukawafundisha hivi, na nyinyi wazazi mnaweza kuwafundisha wenu:

Usimguse mbwa aliyelala. Usimguse anayekula. Usimwendee kwa nyuma. Kama ni mzee asiyesikia, simama mbele mbali kidogo, kanyaga chini kwa nguvu, atasikia kwa miguu. Subiri akuone na akunuse kwanza. Akikutolea meno au akigeuza uso, ondoka polepole, usikimbie.

Mjukuu yule aliyeng'atwa sasa ndiye mwalimu wa wenzake. Kila mgeni akiingia getini anaambiwa, "Kanyaga kwanza! Bobi hasikii."

MWISHO WAKE

Tusiogope kusema hili. Kuna siku mbwa mzee hatainuka tena, au hatakula, au atalia usiku kucha. Jiulize mambo machache. Je, anakula? Anaweza kusimama mwenyewe kwenda kujisaidia? Siku zake nzuri bado ni nyingi kuliko mbaya? Majibu yakiwa hapana, hapana, hapana, mwite daktari wa mifugo. Kuna sindano ya kumlaza usingizi, akaondoka bila maumivu. Kumwekea sumu, kumpiga au kumtupa mbali kwenye bonde si kumsaidia, na sumu inaua pia kuku wa jirani na inaweza kumfikia mtoto. Azikwe chini sana, mbali na maji ya kunywa. Na watoto waambiwe ukweli. Usiwaambie "amekimbia," maana watamngojea.

NENO LA BABA MKUBWA

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi tulikaa naye getini. Bobi alikuwa kwenye gunia lake jipya, anakoroma. Tukamwuliza swali lililokuwa linatusumbua: wewe una magoti mabovu, kodi ya maisha mjini inakubana, kwa nini hukukubali tu siku ile majirani wamalize?

Alinyamaza sana. Halafu akasema kwa Kiswahili chake cha kule nyumbani:

"Bana bangu, kule Masisi tulikuwa na imbwa. Siku tunakimbia, alitufuata. Ilikuwa usiku, na batu wenye silaha walikuwa karibu. Akibweka tu, tunakufa wote. Nilimtupia mawe arudi. Akasimama, ananiangalia, akazania ni mchezo. Nikatupa lingine kubwa. Hapo akarudi. Sikumuona tena."

Akamtazama Bobi.

"Ile siku sikukuwa na namna. Leo niko nayo."

Hatukuwa na la kumjibu. Ilipofika saa tisa usiku, pikipiki ilipita nje na mtu akagonga geti la jirani. Bobi hakusikia. Baba mkubwa akainuka, magoti yake yakalia, akachukua tochi akazunguka ua peke yake, ile zamu ambayo zamani walikuwa wanaifanya wawili. Aliporudi alimfunika Bobi blanketi iliyoteleza, akakaa.

Tunapoandika haya Bobi bado yupo. Mkono wa mtoto umepona.

KWA WATOTO WETU

Jibuni na wazazi nyumbani:

1. Utajuaje kwamba mbwa hasikii?
2. Mtu aking'atwa, anaosha kidonda dakika ngapi?
3. Taja vyakula vitatu ambavyo mbwa hapaswi kupewa.

Leteni majibu darasani. Na wewe mzazi uliye na jamaa anayelinda geti Kigali, ukimpigia simu wiki hii, muulize habari ya mbwa pia: ana miaka mingapi, anasikia, na kadi yake ya chanjo iko wapi?

Tunawatakia mwezi mwema. Mbaki salama.